Sime za Godoro la Kaka

Sponji ikikatwa kwa mara ya kwanza ina harufu yake. Godoro lililokwisha kulaliwa halinuki hivyo. Nasemea harufu ile ya ndani kabisa, inayotoka kisu kinapopita, ikikaa kooni kama moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Harufu hiyo ndiyo maisha yangu. Muulize mtu yeyote pale Kwa Mrombo fundi wa makochi na magodoro ni nani, atakunyooshea kidole kwangu kabla hujamaliza swali. Nilianza na kisu cha jikoni na gunia la mabaki. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina karakana yenye vijana wanaoniita bosi, na kuna mahoteli huku Arusha yanayolaza wageni wao juu ya kazi ya mikono hii. Sijisifu, nasema kilichopo.

Kwa hiyo waliponijia vijana watatu, wa kiume wawili na binti mmoja mwenye miwani, sikushangaa. Watu hutoka mbali kunitafuta. Nilichoshangaa ni kazi waliyokuja nayo.

"Shikamoo mzee," binti akasema, akaniwekea simu mbele ya uso. Kwenye picha walikuwa watu wazima, ndevu zao kabisa, wamevaa majoho na ngao, wanakatana mapanga uwanjani huku wanacheka. "Tuna kikundi chetu. Kila mmoja anajifanya mtu fulani, huyu askari, huyu mfalme, huyu mchawi. Halafu vita. Tunataka silaha za sponji. Zipige kweli, ila zisiumize."

"Ninyi wazazi wenu wanajua?"

Wakacheka. "Mzee, unaweza au huwezi?"

Kuniuliza mimi kama naweza! Nikawaambia warudi Jumamosi.

Walipoondoka nikachukua kipande cha sponji, nikapima kwa jicho, nikaingiza kisu. Ile harufu ikapanda. Mkono ukasimama wenyewe. Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya marobota.

"Bosi, umejikata?" kijana wangu mmoja akauliza.

Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimerudi Elerai, mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, na nilikuwa najua, kwa uhakika wote anaoweza kuwa nao mtoto, kwamba nimemuua kaka yangu.

Enzi hizo Elerai ilikuwa nusu mji nusu shamba. Ukitoka barabarani unakuta nyumba ya bati, nyuma yake mahindi, nyuma ya mahindi mbuzi wa mtu, na juu ya yote mlima Meru umekaa unatazama. Baba alikuwa Mwarusha, fundi muashi, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa Mchaga wa Machame, Mlutheri wa damu, mtu wa maneno mengi. Watoto tulikuwa wawili, mimi na Loishiye. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, sauti yake ilikwisha kuvunjika. Alinifuata kichanga mmoja, tukamzika. Kwa hiyo kifo nilikijua. Nilijua kwamba mtoto anaweza kuwepo asubuhi na jioni asiwepo, na watu wazima wakakaa kimya, wakala nyama.

Loishiye ndiye aliyenifundisha sponji. Waliosomea ufundi watakwambia chuo gani. Mimi chuo changu kilikuwa kaka yangu, nyuma ya banda la mbuzi. Tulikuwa tunaokota mabaki nyuma ya kibanda cha fundi makochi. Fito tulikata ya mkaratusi, tukaimenya, tukaikausha juu ya jiko mama akiwa kanisani. Sponji tunaibandika huku na huku, fito inakaa katikati kama kokwa. Gundi tuliikwangua kwenye mifuniko aliyotupa fundi viatu. Kisha tunazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, tunakaza, na juu yake tunavalisha soksi nyekundu, maana ala ya sime ya morani ni nyekundu na sisi hatukuwa watu wa kutengeneza kitu nusunusu.

"Ncha ndiyo roho," alikuwa anasema. "Fito iishie hapa. Kuanzia hapa mpaka mwisho ni sponji tupu, umeikunja. Mti ukifika kwenye ncha, hiyo siyo sime ya mchezo tena, umetengeneza mkuki."

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Sime mpya haiingii vitani kabla haijampiga aliyeitengeneza. "Fundi kwanza," anasema, kisha anapiga magoti, ananipa sime yake aliyoimaliza muda ule ule. "Piga. Bega. Mkono. Haya, sasa shavuni. Nitazame macho. Nikipepesa, sime haifai."

"Au wewe hufai," mimi namjibu.

"Ndiyo. Au mimi sifai. Piga tena."

Nilikuwa nampiga mpaka nachoka. Yeye amekaza macho kwenye mlima, hapepesi, machozi yanajaa yenyewe kwa sababu ya kukodoa. Zamu yangu ikifika nilikuwa nafumba macho kabla sime haijanifikia, ananicheka. Nilidhani ni mchezo. Nilidhani anapenda kupigwa.

Halafu ikaja ile wiki. Tuliishiwa sponji. Nikiwa bado nalalamika, Loishiye akaingia ndani, akatoka amebeba godoro lake mwenyewe kichwani. Akalibwaga chini. Akalikata upande wa miguuni kwa kisu cha mama, kipande kikubwa, bila haraka, kama mtu anayekata mkate wake.

Nikaruka nyuma. "Mama atakuua!"

"Hataniua."

"Sasa utalalia nini?"

"Hili sitalilalia tena," akasema. Hakunitazama.

Nilifurahi, sikufichi. Sponji ile yote! Lakini furaha ile ilikuwa na kitu ndani yake, kama chai yenye moshi. Mama alipotoka akaliona godoro, akasimama mlangoni. Nikasubiri fimbo. Akamtazama Loishiye, akainua upindo wa kitenge, akafuta uso, akarudi ndani. Hakusema hata neno. Mama yangu! Hapo ndipo hofu ilipoanza, na kwa muda mrefu haikunitoka.

Sime niliyoitengeneza kwa godoro lile niliitengeneza peke yangu, kuanzia fito mpaka soksi. Hata leo nikiifikiria naona ilikuwa kazi ya mtu mzima. Tukaenda kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu yanalia kwa upepo. Loishiye siku hiyo hakupigana vizuri. Alikuwa mzito. Nikaruka, nikamchoma kwa nguvu zangu zote, ikampata chini ya kitovu.

Akaanguka. Nikashangilia. Kisha nikanyamaza, maana hakuinuka. Alikuwa amejikunja kati ya mabua, uso chini, mabega yanatikisika. Sikuwahi kumwona Loishiye analia. Nilikuwa sijui kama anaweza.

"Loishiye. Nimekuumiza?"

"Nenda nyumbani."

"Nilikuwa nacheza tu."

"Nimesema nenda!"

Nikaenda. Nikatazama ncha ya sime yangu njia nzima, nikiibonyeza. Ilikuwa laini. Lakini nilijua nilichokiona.

Asubuhi yake kitanda cha kaka kilikuwa kitupu. Nje mama alikuwa amechuchumaa anaokota nywele, anazikusanya kwenye kitambaa, fungu zima la nywele nyeusi za Loishiye. Nywele nilizowahi kuona zikikusanywa namna ile zilikuwa za mama mwenyewe, aliponyolewa tulipomzika kichanga.

"Kaka yuko wapi?"

"Ameondoka na baba yako na babu."

"Wapi?"

"Mwanangu, kunywa uji wako."

Wewe unayesoma umeshajua. Kama umekulia huku kwetu magharibi ya Meru ulishajua toka kwenye nywele, au toka kwenye godoro. Kijana wa Kiarusha akipelekwa jando hunyolewa, na vitu vya utoto wake huvigawa, kwa sababu mtoto yule harudi. Lakini mimi nilikulia chini ya mama Mchaga, kwenye nyumba ambayo jambo hilo lilikuwa ugomvi. Mama alitaka Loishiye akatahiriwe hospitali, kama watoto wa wenzake kanisani. Babu akasema mjukuu wake atasimama kama walivyosimama wote. Babu akashinda, na mama akaapa kwamba mambo hayo hayatatajwa mbele yangu. Hayakutajwa. Nikabaki na ninachokiona, nikajisomea mwenyewe.

Mchana nikamwona Meshaki, mtoto wa jirani, amevaa shati la Loishiye. La mistari, lile la Krismasi.

"Vua! La kaka!"

"Kaka yako halihitaji tena."

"Kwa nini?"

Meshaki akanicheka. Kwao walikuwa Waarusha watupu, baba na mama. "Muulize mama yako, layoni we." Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na huku kwetu ni tusi linalomtosha hata mtu mwenye ndevu. "Loishiye uliyemjua ndiyo basi. Hata akija, hatakujua."

Nikampiga ngumi, akanipiga zaidi, nikarudi nyumbani na damu mdomoni. Nikakuta mama amepokea fungu la nyama kutoka kwa babu, iko juu ya meza, hakuna anayeigusa. Nyama ya msiba, nikajiambia. Wameshamzika.

Lakini halikuwa hilo lililonimaliza. Kilichonimaliza ni shangazi. Alishuka kutoka mlimani kwa babu kesho yake, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nilikuwa nyuma ya jiko, nasikia kila kitu kupitia ubao.

"Wifi, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Damu haikati."

"Yesu wangu."

"Toka jana asubuhi. Inapungua, inarudi. Ameanza kuwa baridi miguu. Nimemwambia baba yangu tumshushe hospitali, anasema ataikata mwenyewe damu kwa dawa zake."

Mama akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Mimi nikakaa chini. Nilihesabu kwa akili yangu yote ya kitoto, na hesabu ilikubali. Nilimchoma. Akaanguka. Akalia. Sasa anatoka damu, haikati. Ilikuwa inatoka ndani, pale pale nilipompata.

Nikachukua sime yangu ya soksi nyekundu, nikaenda kuifukia kwenye samadi ya mbuzi, chini kabisa. Nikarudi ndani. Mama alikuwa anafunga kanga ili amkimbilie baba, aliyekuwa amesharudi kazini. Nikamshika.

"Mama, ni mimi. Sime yangu..."

"Usinitajie sime!" akapiga kelele, akanisukuma, akatoka mbio.

Basi nikajua kwamba hata yeye anajua.

Baba alipanda mlimani siku hiyo hiyo na mganga wa zahanati. Baada ya hapo hakuna aliyeniambia kitu. Kina mama wa kanisani walikuja, wakaimba chini chini, wakanishika kichwa wakisema "maskini mtoto", na kila aliyesema hivyo nilimkimbia, nikidhani atanitazama machoni ataona. Nilikuwa nalala kwenye kitanda changu, mbali na lile godoro lililokatwa. Nilijaribu kulala kwa kukodoa macho kama Loishiye. Nilishindwa. Kila nikifumba namwona kati ya mabua. Nimepitia mengi baada ya hapo. Nimewahi kukabwa, nimewahi kuunguliwa na stoo nzima ya sponji, na sponji ikishika moto usiombe uwepo. Lakini hofu ile ya kukaa mezani unakunywa uji na watu uliowaulia mtoto wao, hofu hiyo sijakutana nayo tena.

Siku zikapita, nyingi, sijui ngapi. Mama akaanza kuimba tena jikoni. Sikuelewa. Nikadhani amesahau, na hilo likanitisha zaidi.

Mchana mmoja alinituma dukani kununua chumvi. Wakati narudi nikasikia watoto wanapiga kelele barabarani, wanatawanyika kama vifaranga. Nikainua kichwa. Walikuwa wanakuja kwa mstari, wamevaa shuka nyeusi tupu, vichwani manyoya ya ndege, upinde mkononi, na nyuso zao zilikuwa nyeupe. Nyeupe ya chokaa, na mahali pa macho pana mashimo meusi. Vumbi lilikuwa linawapanda miguuni, wanatembea tu.

Nilijua ni akina nani. Ni wafu. Wamemsindikiza mwenzao aje kunichukua.

Mmoja wao, mrefu, akasimama. Akanitazama. Chini ya chokaa ile macho niliyafahamu.

Chumvi niliiacha pale pale. Nikakimbia, nikapita uani, nikaingia banda la mbuzi, nikafukua samadi kwa kucha mpaka nikaipata sime yangu, imelowa, inanuka. Nikajibana pembeni nyuma ya beberu. Nikasikia hatua zinakuja taratibu, zimetanuka, kama za mtu anayetembea na kitu katikati ya miguu. Mlango ukafungwa na weusi wa shuka. Uso mweupe ukainama.

"Toka huko," ukasema.

Ilikuwa sauti ya Loishiye. Nikanyoosha sime. Mkojo ulikwisha kunitoka.

"Usinichukue! Nilikuwa nacheza! Sikujua itaingia ndani!"

"Itaingia wapi?"

"Tumboni! Ukatoka damu! Ukafa!"

Kisha yule mfu akaanza kucheka, akashika ukuta, akajikunja. "Aii! Usinichekeshe, mbwa wewe, bado inauma! Na sime ya godoro? Umeniua na sime ya godoro?" Akawa anacheka na kuguna pamoja, ameishika shuka yake kwa mbele ameivuta mbali na mwili, mpaka chokaa ikapata michirizi. "Njoo. Nishike. Nishike mkono tu, usiniegemee."

Nikamshika. Ulikuwa wa moto. Ndipo nikalia.

Akachukua mshale alioushika pamoja na upinde wake, akaniwekea ncha tumboni, akasukuma. Nikafumba macho. Haikuchoma. Mwisho wake palikuwa na donge butu, limeviringishwa. "Unaona? Hii ndiyo tunatembea nayo. Ya kupigia ndege na kutishia wasichana. Hata sisi ncha tumeifunika."

"Sasa damu ilitoka wapi?"

Akaniambia. Kwa maneno machache, kama baba. Nikamtazama toka juu mpaka chini kwa mshangao na, siwezi kukataa, kwa wivu kidogo.

"Walikupiga shavuni? Ulipepesa?"

"Sikupepesa. Babu alikuwa ananitazama, na baba wadogo, na wote. Nilitazama mlima." Akageuka kutazama kama kuna mtu uani, kisha akainama mpaka nikasikia harufu ya chokaa na mafuta ya kondoo. "Lakini kule hakuna sponji, mdogo wangu. Niliogopa. Siku ile ya mabua sikulia kwa ajili yako, nililia kwa sababu niliogopa. Na nilipokuwa natoka damu niliogopa zaidi. Usimwambie mtu."

Akaichukua sime yangu yenye samadi, akaibonyeza ncha kwa kidole gumba. "Nzuri," akasema. "Laini." Akanirudishia, akatoka, akaungana na wenzake. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, anamtazama anavyotembea. Hakulia. Alikuwa anasema "asante, asante", sijui anamwambia nani.

Sikumwambia mtu. Nimejenga nyumba, nimeoa, nimeajiri, nimenyanyua kichwa mbele ya watu waliosoma, na lile neno nimelibeba kifuani kama hirizi. Kila nilipokwenda kuomba kazi nikiwa sijui kusoma mkataba wa Kiingereza, kila nilipoweka kila nilichonacho kwenye mzigo mmoja wa sponji, nilijiambia: Loishiye aliogopa, na hakupepesa. Ujasiri wangu wote huu ambao watu wa Kwa Mrombo wanausimulia umetoka kwenye banda la mbuzi.

Ijumaa ile, kabla vijana hawajarudi, nilimpigia simu. Akashuka kutoka mlimani na fimbo yake na kofia, mzee mzima sasa, mwenye ng'ombe zake na wajukuu zake. Vijana wangu wote wakasimama. "Shikamoo mzee. Shikamoo." Akaitikia, akaingia mpaka ndani, akanusa.

"Harufu ya godoro langu," akasema.

Nikamwonyesha kazi. Mapanga marefu, sime pana, shoka moja la kivita, yote bomba la maji katikati na sponji juu, yamefungwa yakafungika. Nikamweleza kila kitu nilichoboresha. Akaniacha nikaongea mpaka nikamaliza. Nikamwambia pia kwamba nataka kuiandika habari ile, kama ataniruhusu.

"Andika," akasema. "Wote tuliosimama siku ile tuliogopa. Waliobaki hai watacheka." Kisha akachukua panga moja, akalipima uzito. "Hili limeshampiga fundi?"

Vijana wangu wakaweka visu chini. Mimi bosi wao, tumbo hili, umri huu. Nikapiga magoti kwenye vumbi la sponji. Kaka akainua mkono. Nikakaza macho kwenye mlima, pale unapoonekana kupitia mlango wa nyuma, nikajiambia, leo.

Akanipiga shavuni.

Nilipepesa.